Kabla Ununue Mashine ya Kuangua Mayai, Msikilize Kuku Kwanza

Ile video umeiona. Jamaa ako ndani ya bedsita, mezani kuna sanduku la plastiki lenye dirisha dogo. Anafunua mfuniko, na vifaranga 50 wanapiga kelele kama makanga wa stendi saa kumi na mbili jioni. Chini ameandika "siku 21 tu", kisha namba ya simu ya kuagiza mashine.

Na wewe hapo kwa kochi unaanza hesabu. Mayai 60 ni vifaranga 60. Siku 21 zinaingia mara 17 kwa mwaka. Zidisha na bei ya kifaranga mmoja. Kufikia saa nne usiku ushanunua pikipiki, ushahamia keja kubwa, na mama ushamjengea. Vyote kichwani.

Sikukatazi. Kuna vijana wanaishi vizuri kwa kuangua mayai, na ni kazi unayoweza kuianzia nyumbani. Lakini kabla utoe akiba yako, au umwombe mama achukue mkopo wa chama, elewa jambo moja. Ile mashine ni nakala ya kuku. Kila kifungo kilicho pale kinaiga kitu ambacho kuku wa nyanyako kijijini hufanya bila stima na bila kuambiwa. Ukimwelewa kuku, utajua kuitumia mashine, na utajua pia kama unaihitaji kwa sasa.

Kuku hufanya nini pale kiotani

Kuku wa kienyeji hana pupa. Anataga yai, anashuka, anaenda zake kuchakura. Anaweza kurundika mayai 10 au 12 kwa muda wa wiki mbili kabla ya kuanza kuyalalia. Sasa jiulize: kama yai la kwanza lina siku 14 na la mwisho lina siku moja, mbona vifaranga hutoka karibu wote kwa pamoja?

Jibu ni kwamba yai likipoa, kiinitete ndani yake husinzia. Hakifi na hakikui, kinangoja tu. Joto la mama ndilo linalokiamsha, na akikaa kuatamia anayaamsha mayai yote siku moja.

Akishaamua kuatamia, tabia inabadilika. Anajitutumua manyoya, anaguna, ukinyoosha mkono anakudonoa. Manyoya ya kifuani yanapungua ili ngozi yake iguse mayai moja kwa moja. Mwili wake una joto la digrii 41 hivi, na mayai chini yake hupata karibu digrii 38. Anayageuza mara nyingi kwa siku, hata usiku. Mara moja kwa siku anatoka kwa dakika 15 au 20, anakula, anakunywa maji, anajisaidia, kisha huyo anarudi mbio. Siku za mwisho hata hapo kutoka anaona taabu. Vifaranga wakianza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, anawajibu. Wameanza kujuana kabla hawajaonana.

Sasa isome mashine

Chukua maelezo ya inkubeta yoyote uyalinganishe na hayo. Joto: kwa mashine yenye feni, digrii 37.5, mchana na usiku. Kwa ile isiyo na feni, hewa ya moto hupanda juu, kwa hivyo kipimajoto hukaa usawa wa mgongo wa yai na kusoma digrii 38.5 hadi 39. Unyevu: asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, halafu 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Kugeuza: angalau mara tatu kwa siku kama unageuza kwa mkono. Hesabu iwe witiri, yaani mara tatu au tano, ili upande uliolala chini usiku wa leo usiwe ule ule wa jana. Weka alama kwa penseli, X upande mmoja na O upande wa pili. Kalamu ya wino mzito iache, ganda la yai linapumua.

Mbona kugeuza? Kiinitete kikikaa mahali pamoja siku nyingi, kinaganda kwenye utando wa ganda na kufa. Mbona kuacha kugeuza siku ya 18? Kwa sababu kifaranga anajipanga, anaelekeza mdomo kwenye nafasi ya hewa iliyo upande butu wa yai. Ukiendelea kumzungusha unampoteza njia.

Na usifikiri ni teknolojia ya jana. Wamisri wamekuwa wakiangua mayai kwenye matanuri ya matofali ya udongo kwa zaidi ya miaka 2,000. Mafundi wa matanuri hayo walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua yai linataka nini. Wewe una kipimajoto. Nunua na cha pili, maana kile kilichokuja na mashine kinaweza kudanganya, na digrii mbili zikizidi kwa saa kadhaa, biashara imekwisha. Kiinitete huvumilia baridi kidogo kuliko kinavyovumilia joto kupita kiasi.

Jambo lingine: washa mashine ikiwa tupu kwa siku nzima kabla ya kuweka mayai. Itazame asubuhi, mchana na usiku. Kama joto linapandashuka ovyo ikiwa tupu, usitegemee litatulia ukishaweka mayai ya watu.

Yai la supamaketi halitakupa kitu

Swali hili huulizwa kila wiki: naweza kuweka mayai ya treyi kutoka dukani? Hapana. Mengi ya hayo hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Yai halina mbegu, na hakuna mashine duniani itakayolipa uhai.

Unataka mayai yenye mbegu, kutoka kwa mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa kila kuku kumi hivi. Nenda uone banda lake kwa macho yako. Uliza jogoo ana umri gani, kama ni ndugu wa hao kuku, na mayai yana siku ngapi. Yaliyotagwa ndani ya siku saba ndiyo bora. Yakishapita siku kumi, uwezekano wa kuanguliwa unashuka haraka. Chagua ya ukubwa wa kati, ganda safi, bila nyufa. Yenye kinyesi usiyaoshe ili uyatie. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Hayo acha jikoni.

Ukiwa unayakusanya, yaweke mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Hapa ndipo wasomaji wa Mombasa na Malindi wakae macho. Nairobi yai linaweza kukaa kabatini likapoa. Pwani, chumba kikiwa na digrii 30, kile kiinitete kilichotakiwa kusinzia kinaanza kuamka nusunusu, kinakua kidogo, kinakufa. Unaliweka yai kwenye mashine likiwa tayari limeharibika, na wiki tatu baadaye unamlaumu aliyekuuzia inkubeta. Huko weka mayai kwenye chungu au pembe yenye kivuli na upepo, na usiyakawize siku nyingi.

Wa nyanda za juu, Nairobi hadi Eldoret, nanyi mna lenu. Hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo, na kifaranga anapumua kupitia ganda. Usizibe matundu ya mashine eti unahifadhi joto.

Tena jihadhari na neno "imprufu". Kuku chotara kama Kuroiler ni mzuri, lakini ukiangua mayai yake, watoto hawarithi sawasawa ukuaji wa mama. Mteja wako atagundua baada ya miezi mitatu, na hatarudi. Muuze kifaranga kwa jina lake la kweli.

Stima ikipotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani. Hiyo ilikuwa habari kubwa. Lakini kwa anayeangua mayai, habari kubwa ni ile ndogo: saa tatu za giza mtaani siku ya 12, au tokeni kuisha saa nane usiku ukiwa umelala.

Kwa saa chache usiwe na wasiwasi mwingi. Funga mashine, usiifunue kila dakika kuchungulia. Ifunike kwa blanketi na uache matundu ya hewa wazi. Ukiwa na chupa za maji ya moto, zifunge kwa kitambaa uziweke ndani, mbali kidogo na mayai. Mayai yaliyopita wiki mbili hutoa joto lao wenyewe, kwa hivyo hayapoi haraka, ila yanataka hewa zaidi. Stima ikirudi, endelea kama kawaida. Usiyatupe kwa hasira. Baada ya siku mbili yamulike ndipo uamue.

Kama mtaa wako giza ni jambo la kila wiki, betri na inveta ni sehemu ya bei ya mashine. Zipigie hesabu kabla ya kununua. Kuku hana tokeni ya kuisha.

Kumulika, kungoja, kutosaidia

Siku ya saba, zima taa, weka tochi ya simu chini ya upande butu wa yai, funika mwanga kwa vidole usitawanyike. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama buibui. Yai lisilo na kitu linang'aa tupu. Lenye pete ya damu limekufa. Haya mawili ya mwisho yatoe, kwa sababu yai viza likipasuka ndani ya mashine litachafua mengine yote, na harufu yake majirani wataijua bila kuambiwa. Rudia siku ya 14.

Siku ya 18 acha kugeuza, ongeza maji, funga. Siku ya 20 au 21 utaona ganda limetobolewa. Hapo ndipo mikono inawasha. Umetazama tundu dogo kwa saa sita, kifaranga anapumua tu, unataka kumsaidia kutoka. Mwache. Kutoka kwenye tundu la kwanza hadi kutoka nje kunaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Muda huo anavuta damu kutoka kwenye utando na kumalizia kiini tumboni. Ukimbandua mapema, anatoka damu na kufa mkononi. Tena kila ukifungua mfuniko, unyevu unatoroka, utando unakauka, na wale wengine wanakwama.

Akitoka, usikimbilie chakula. Kiini alichomeza kinamtosha siku mbili hivi. Ndiyo maana kifaranga wa siku moja anaweza kusafirishwa kwa basi hadi kaunti nyingine. Mwache akauke ndani.

Hesabu bila ndoto

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini asilimia sijasahau. Tupige kwa mfano, wewe utaweka bei za kwenu.

Umenunua mayai 60 kwa bob 20 kila moja, jumla 1,200. Siku ya saba unatoa 9 yasiyo na kitu. Siku ya 14 mengine 4 yamekufa. Yamebaki 47, na 5 yanashindwa kutoka. Umepata vifaranga 42, yaani asilimia 70. Kwa anayeanza, hayo ni matokeo mazuri kabisa. Gharama ya yai kwa kila kifaranga si bob 20 tena, ni kama 29. Ukipata 30 pekee, ni bob 40.

Ongeza stima. Mashine inayovuta wastani wa wati 40 inakula karibu yuniti 20 kwa siku 21. Zidisha na bei ya yuniti kwenye risiti yako ya tokeni. Ongeza nauli ya kufuata mayai, chanjo, na bei ya mashine yenyewe ikigawanywa kwa mizunguko utakayofanya. Kisha kumbuka karibu nusu ya vifaranga ni majogoo. Anayetaka kuku wa mayai hatakulipa bei moja kwa wote, na wakiwa wa siku moja huwezi kuwatofautisha kwa macho tu.

Siku 21 ndizo sehemu rahisi

Video inakatikia hapo vifaranga wanapotoka. Kazi ndipo inaanza. Wiki ya kwanza wanataka joto la digrii 32 hadi 35, halafu unashusha kama digrii tatu kila wiki. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, ni joto. Wakitawanyika wakila, umepatia. Balbu za siku hizi za kuokoa stima hazitoi joto la maana, kwa hivyo tafuta taa ya joto au jiko maalumu la vifaranga. Ukitumia makaa, usilale nalo chumba kimoja dirisha likiwa limefungwa. Ile hewa inaua watu, sembuse vifaranga.

Chanjo nazo hazingoji. Marek hutolewa siku ya kwanza, Newcastle na Gumboro katika wiki za mwanzo. Ratiba kamili chukua kwa daktari wa mifugo wa eneo lako. Chanjo huja kwa vichupa vya dozi nyingi, na ikishachanganywa hukai nayo, kwa hivyo mkiwa wafugaji watatu wa mtaa mmoja, changeni.

Halafu kuna landlodi. Inkubeta inaingia bedsita bila mtu kujua. Vifaranga 42 wa wiki tatu watajulikana hadi gorofa ya tano.

Na swali kubwa kuliko yote: nani atawala? Wakubwa wako wanakumbuka wazimu wa kware wa 2013 na 2014. Kila mtu alitaka ndege wale, leseni za KWS zikatafutwa, bei ikapaa, halafu ikaporomoka watu wakabaki na vizimba vilivyojaa. Wengi walikuwa wanauziana wao kwa wao, kila mfugaji akingoja mfugaji mpya aje. Kama wateja wako wote ni watu wanaoanza kufuga kwa sababu ya video, uko kwenye foleni ile ile. Tafuta mwenye hoteli, mwenye kuchoma kuku, mama wa soko, mfugaji ambaye amekuwa kazini miaka. Na ujue kalenda: kienyeji aliyeboreshwa huchukua miezi minne au mitano kufika sokoni, kwa hivyo kuku wa Krismasi anaanguliwa Julai. Nairobi Julai ni baridi. Hiyo pia iko kwenye hesabu.

Anza hivi

Kama una kwenu kijijini, au mjomba mwenye uwanja Kitengela au Kikuyu, anza na kuku watatu wa kienyeji halisi. Wale wa mayai ya biashara na wengi wa walioboreshwa wamepoteza hamu ya kuatamia, usiwategemee. Wa kwanza akianza kulalia, mpe mayai mawili ya kumshikilia hadi wenzake wafuate. Kisha wawekee wote watatu mayai 12 kila mmoja, usiku mmoja. Siku ya saba mulika. Tuseme kati ya 36, yenye uhai ni 24. Wape kuku wawili 12 kila mmoja, wa tatu umwachilie arudi kutaga. Umeangua kama mwenye mashine, kwa gharama ya mahindi.

Hatua ya pili, peleka mayai kwa mwenye inkubeta anayeangulia watu kwa malipo ya kila yai. Wako katika miji mingi. Utajua asilimia ya mayai yako kabla hujatoa doo ya mashine.

Hatua ya tatu ndiyo mashine. Na hata hapo kuku usimfukuze. Mwenye mashine mwerevu huweka kuku mmoja anayeatamia tayari. Vifaranga wakitoka kwenye inkubeta, anawaingiza chini yake usiku, wachache kwa wachache. Asubuhi mama anaamka na watoto 12 na hana swali. Anawapa joto, anawafundisha kuchakura, na mwewe akipita anawafunika kwa mabawa. Taa ya joto haijui mwewe ni nani.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla upige ile namba ya kwenye video, fanya kitu cha bure. Tafuta mtu mwenye kuku anayeatamia, vuta kigoda, kaa naye saa moja umtazame. Maswali utakayotoka nayo hapo, muulize muuza mashine. Akishindwa kuyajibu, weka pesa zako mfukoni.